Maswali Yenu ya Lishe: Usiache Chapati Kabla Hujapima

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu kuhusu siliaki, ule ugonjwa ambao mtu akila ngano kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe, na barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua hizi ambazo naona zinagusa watu wengi. Na kwa wapya hapa, mimi ni mtaalamu wa lishe, sio daktari, kwahiyo dawa na vipimo mwisho wa siku ni wewe na daktari wako.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nina miaka 29 naishi Mbagala. Tumbo linanisumbua mwaka wa tatu sasa, linajaa mpaka watu wananiuliza kama nina mimba, naharisha wiki nzima alafu inaacha alafu inarudi, na damu haipandi hata nikinywa vidonge. Nimeshatibiwa taifodi, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, vyote. Juzi nikaona video dada mmoja anaelezea mambo ya gluteni iliyoko kwenye ngano nikaacha chapati, mkate na maandazi, wiki ya pili hii naona tumbo limetulia. Mama mkwe anasema hayo ni magonjwa ya wazungu nisijifanye. Je niendelee tu kuacha au nikapime, na nikipima napima nini?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, miaka mitatu ya kuzungushwa ni mingi. Kapime. Na ili upime vizuri inabidi urudi kwanza kwenye hizo chapati, najua hutaki kusikia hivyo wakati ndo kwanza tumbo limetulia, lakini naomba unisikilize.

Kipimo cha damu cha siliaki hakitafuti gluteni ndani yako, kinatafuta kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili unazitengeneza kila gluteni ikiingia. Ukiacha ngano, mwili unaacha kuzitengeneza taratibu, na utumbo nao unaanza kupona. Sasa ukienda maabara baada ya miezi mitatu ya kujinyima, majibu yanaweza kutoka safi kabisa na ugonjwa unao, unaambiwa huna kitu, unarudi nyumbani unaanza upya kuzunguka. Hili ndo kosa linalowaharibia watu wengi na linaniuma kwasababu mtu amelifanya kwa nia njema tu, ameona nafuu akaendelea. Mwongozo wanaotumia Uingereza unasema mtu awe anakula vitu vyenye gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 angalau kabla ya kutolewa damu. Wewe umeacha wiki mbili tu, nenda kwa daktari wiki hii mwambie ukweli wote umeacha lini na ulikuwa unakula nini, yeye ataamua kama akutoe damu sasa hivi au urudi kula kwanza.

Gluteni ni protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano). Utumbo mwembamba kwa ndani umejaa vijinyuzi vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo jipya, na kazi yake ni kunyonya chakula. Kwa mtu wa siliaki vile vijinyuzi vinaliwa mpaka utumbo unabaki bapa. Na madini ya chuma yananyonywa zaidi pale mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, ambapo ndipo ugonjwa unapopiga sana, kwahiyo unameza vidonge vya damu kila siku na vinapita tu. Damu isiyopanda bila sababu inayoeleweka, hata bila kuharisha, peke yake inatosha kumfanya daktari afikirie siliaki.

Sasa unapima nini. Kipimo cha kwanza kinaitwa tTG-IgA, andika hivyo hivyo kwenye karatasi uende nayo, na pamoja nacho waombe wapime IgA yote kwa ujumla, IgA ni aina mojawapo ya kingamwili. Hiki cha pili watu wanakiruka kupunguza gharama lakini kina maana, kuna watu mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na kati ya wagonjwa wa siliaki wapo kama 2 au 3 kwa kila 100, hao tTG-IgA yao itatoka chini hata kama utumbo umeharibika. Wakigundulika hivyo wanapimwa kwa kingamwili za aina nyingine, IgG. Maabara nyingi ndogo hawana kipimo hiki, wanachukua damu wanaipeleka maabara kubwa, kwahiyo uliza bei na siku za majibu kabla hujatoa mkono.

Damu ikionyesha, kwa mtu mzima mara nyingi hatua inayofuata ni endoskopi, ule mpira wenye kamera unaoingia kwa mdomo, wanachukua vinyama kwenye utumbo mwembamba. Hapa nakuomba uongee kabla hujalala kitandani. Endoskopi nyingi huku kwetu zinafanywa kutafuta vidonda vya tumbo, daktari anaangalia tumbo, anachukua kinyama cha bakteria wa vidonda, anamaliza. Siliaki inataka vinyama visivyopungua 4 kutoka utumbo mwembamba wenyewe, na vichukuliwe hata kama kwa macho panaonekana pazuri. Kama ulishawahi kufanyiwa endoskopi ukaambiwa uko sawa, tafuta ile ripoti uone walichukua wapi.

Na inawezekana kabisa isiwe siliaki. Ngano ina aina ya wanga ambayo kwa watu wenye utumbo unaochokozeka haraka inachacha na kuleta gesi, hao wakipunguza ngano wanapata nafuu na hawana siliaki. Wengine shida ni maziwa, maana watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Halafu kuna giadia (kijidudu cha tumboni), kuna kifua kikuu cha tumbo, kuna VVU, vyote vinaweza kuharisha na kukondesha. Kama kilo zinapungua, unatoka jasho usiku, una homa za jioni au choo kina damu, usikae unasubiri habari ya ngano, nenda hospitali mara moja.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa heshima kwamba moja ya sehemu zilizokutwa na siliaki nyingi kuliko zote duniani ni hapa hapa Afrika, kwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi Algeria, utafiti uliotoka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kwa kila 100. Punjab huko India iko pia, watu wanaokula chapati kila siku. Kwa ujumla duniani inakadiriwa mtu 1 kwa 100. Wazungu waliijua mapema kwasababu walikula ngano nyingi na walikuwa na watu wa kuitafuta. Daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa anaishuku ngano tangu miaka ya 1930, alafu ikaja njaa ya vita ya 1944 na 1945, mkate ukawa adimu sana, watu wakala mpaka vitunguu vya maua ya tulipu, na wale watoto wake wa siliaki wakawa wanaendelea vizuri, mkate uliporudi wakaugua tena. Aliandika kazi yake ya udaktari juu ya hilo mwaka 1950. Mjini siku hizi kifungua kinywa ni ngano, saa nne ngano, jioni ngano, kwahiyo mwenye asili ya ugonjwa huu atauona tu.

SWALI: Habari madam. Niko Eldoret. Kijana wangu ana miaka saba, ana kisukari cha watoto anadungwa insulini mwaka wa pili. Siku hizi sukari inashuka ghafla bila sababu na urefu umesimama, ndugu yake mdogo anakaribia kumpita. Kliniki wamesema apimwe siliaki. Kwani sukari na chapo zinahusiana aje?

JIBU: Kliniki yenu inafanya kazi nzuri baba, wape ushirikiano. Kisukari cha aina ya kwanza na siliaki yote ni magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia na yanachangia vinasaba, vile vinavyoitwa HLA-DQ2 na DQ8. Kuwa navyo peke yake sio ugonjwa, watu wengi wanavyo na hawaugui maisha yao yote, ila mtoto mwenye kisukari hiki ana nafasi kubwa zaidi ya kupata siliaki kuliko mtoto mwingine, ndo maana wanapimwa hata bila dalili. Na wako dalili anazo. Ile sukari kushuka ghafla inaweza kuelezeka hivi, insulini imeingia kwa hesabu ya chakula alichokula lakini chakula chenyewe hakijanyonywa.

Asiache chapo mpaka damu itolewe. Na usiogope sana habari ya kamera kwa mtoto, kwa sababu mwongozo wa madaktari wa watoto wa Ulaya wa 2020 unaruhusu mtoto kuthibitishwa bila kukatwa kinyama, ikiwa tTG-IgA imefika mara 10 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida na damu ya pili ikapimwa kingamwili nyingine inayoitwa EMA ikaonyesha pia. Huyo ni daktari bingwa wa watoto wa kuamua, sio mimi wala wewe.

Ikithibitika, watoto wanarudi vizuri wakigunduliwa mapema, urefu unaanza kusogea. Lakini siku ile mnayoanza chakula kipya muwe mnaongea na kliniki, utumbo ukipona unanyonya zaidi na ugali na wali vinapandisha sukari haraka, dozi ya insulini itahitaji kupangwa upya. Na wewe, mama yake na huyo mdogo wake mpime pia, ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa wana nafasi ya kama 1 kwa 10.

SWALI: Nilipimwa na ile mashine ya kushika chuma mkononi, kompyuta ikatoa karatasi kibao ikasema nina aleji ya gluteni, maziwa, mayai na nyanya, nikauziwa virutubisho vya miezi mitatu. Naomba ushauri nianzeje kula. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Anza kwa kuiweka hiyo karatasi pembeni. Hakuna mashine inayoweza kujua siliaki kwa kushika chuma, hakuna. Siliaki inajulikana kwa damu na kinyama cha utumbo (na kwa wachache kinyama cha ngozi, soma jibu linalofuata). Umenyang'anywa mayai na maziwa na nyanya bila sababu, na kwa mtu mwenye watoto nyumbani hicho ni chakula cha familia kimeondolewa mezani. Kama una dalili nenda hospitali ukiwa unakula kila kitu kama kawaida. Na naumia kila nikisikia hizi mashine zimefika mtaa mwingine, hasa zikiwakuta watu wanaoumwa kweli na hela yao ni ya kuokoteza.

SWALI: Asalaam aleykum dada yangu. Mimi ni Mzanzibari niko Maskati miaka mingi. Nina vipele vya malengelenge kwenye viwiko, magoti na makalio, vinawasha mpaka silali. Nimepakwa dawa za fangasi na za upele, wapi. Daktari wa ngozi amekata kinyama akasema ni kutokana na ngano, wakati tumbo langu halina neno. Kweli? Na ina maana hata harisi basi?

JIBU: Wa aleykum salaam kaka yangu. Ni kweli, na umepata daktari anayejua kazi. Hiyo ni siliaki inayojitokeza kwenye ngozi, na wengi wenye vipele hivyo tumbo haliwasumbui ingawa ukiangalia utumbo ndani unaukuta umeguswa. Kipimo chake ni kinyama cha ngozi kilichochukuliwa pembeni ya kipele, sio juu ya kipele chenyewe.

Pengine utaandikiwa dapsoni kwa ajili ya muwasho, inafanya kazi haraka sana, siku chache tu. Ila kabla hujameza kidonge cha kwanza hakikisha umepimwa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wa G6PD ni mwingi Oman na ni mwingi pwani yetu pia, na mwenye upungufu huo akimeza dapsoni chembe zake za damu zinaweza kupasuka. Usiache kuuliza hili. Na dapsoni inatuliza ngozi tu, haigusi utumbo, dawa yenyewe ni kuacha gluteni, na ngozi inachelewa kufuata, inaweza kuchukua miezi mingi mpaka miaka kabla hujaweza kuacha vidonge.

Harisi basi kaka, ni ngano nzima iliyopondwa na nyama, sawa na bokoboko la nyumbani. Lakini hapo hapo Oman una arsia, ile ya mchele na nyama, inapondwa vilevile na samli juu, hiyo unakula. Halua uliza imetengenezwa kwa wanga gani.

SWALI: Dada, majibu yangu yametoka ni siliaki kweli, damu na kinyama vyote. Nimelia. Mimba mbili zimeharibika nyuma na sasa daktari anasema huenda na zenyewe zilihusika. Naishi Tanga kwa familia ya mume, tunapika jiko moja, chapati kila siku na Ramadhani inakuja. Nitaishije? Nitakula nini maisha yangu yote?

JIBU: Lia dada, pole sana, na pole kwa watoto wako wawili. Siliaki isiyotibiwa inahusishwa na mimba kuharibika na kuchelewa kushika mimba, sio sababu pekee, lakini ni moja ambayo sasa unaweza kuishughulikia. Kama mnaweza, mpe mwili muda upone na damu ipande kabla ya mimba nyingine, na kliniki waambie habari yako siku ya kwanza kabisa.

Sasa chakula, na hapa kwa kweli nataka unipe nafasi niongee. Uko Tanga! Mtu wa siliaki Ulaya anaanza kutafuta mkate maalumu wa bei mbaya, wewe umezungukwa na chakula ambacho hakijawahi kuwa na gluteni tangu dunia iumbwe. Wali, ugali wa sembe au dona, muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, mtama, uwele, ulezi, maharage, kunde, mbaazi, choroko, samaki wote, nyama, mayai, nazi, mboga na matunda yote. Futari ya pwani ile yenyewe, muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, magimbi, tende, uji wa mtama, mbaazi na samaki wa kupaka, hakuna hata kimoja hapo cha kuacha. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, ila ukinunua nje uliza maana siku hizi kuna wanaochanganya ngano iwe rahisi. Mkate wa mofa asili yake ni mtama, na wenyewe uliza hivyo hivyo. Vinavyoondoka ni chapati, mkate, maandazi, kaimati, sambusa, tambi, visheti, keki, biskuti, bokoboko, na bia.

Kinachowashinda watu sio chapati yenyewe, ni makombo. Chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni kimataifa kinatakiwa kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2000, na utafiti umeonyesha miligramu 50 tu kila siku kwa miezi mitatu inaharibu utumbo wa mgonjwa. Hiyo ni sehemu ya arobaini ya kipande cha mkate. Kwahiyo "kidogo tu" na "onja" na "toa ile sehemu yenye mkate ule iliyobaki" hazipo tena kwako, hata kama hausikii maumivu, maana wengine hawasikii kitu na utumbo unaendelea kuliwa kimyakimya.

Jikoni kwenu fanya hivi. Kuwa na chuma chako cha kupikia, mwiko wako wa mbao, chekeche lako na ungo wako, hivi vinashika unga na haviishi hata ukiosha, sufuria za kawaida zikioshwa vizuri hazina shida. Mafuta yaliyokaanga sambusa au maandazi usikaange nayo muhogo wako. Chakula chako kipikwe kwanza, chapati zisukumwe baadaye, ule unga unaruka na kutua kila mahali. Mchuzi, muulize anayepika kama ameukolea kwa unga. Soya sosi ya kawaida ina ngano, soseji na viungo vya pakiti soma maandishi, na kama hakuna maandishi acha. Unga wa lishe wa kuchanganywa nyumbani mara nyingi una ngano ndani. Na mashine ya kusaga ya mtaani, hapa ndo wengi hawafikirii, ikisaga ngano ya mtu alafu ukaingia wewe na mtama wako umekula ngano yake, tafuta mashine inayosaga mahindi tu au twanga mwenyewe.

Na mahindi yako yawe yaliyokauka vizuri, hayana ukungu wala harufu. Sasa utakula mahindi mengi kuliko zamani na sumu kuvu haina mchezo, Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Badilisha badilisha nafaka, leo mtama kesho mchele.

Mwanzoni maziwa yanaweza kukusumbua sababu utumbo uliojeruhiwa hauna uwezo wa kuyasaga, mtindi unavumilika zaidi, na utumbo ukipona wengi wanarudi kunywa. Unga wa ngano wa dukani huwa unaongezwa madini ya chuma na foliki, umeuacha kwahiyo yarudishe kwa dagaa, maini, mboga za majani na maharage, na daktari akupime chuma, foliki, B12 na vitamini D. Damu ya tTG irudiwe baada ya miezi 6 na tena mwaka ukitimia, inatakiwa iwe inashuka, isiposhuka kuna ngano inaingia mahali na tutaitafuta pamoja.

Harusini kula kwanza nyumbani. Na mwambie mama mkwe wako mwenyewe, usimtume mume, mwambie mama nina ugonjwa na dawa yake iko jikoni kwako. Wamama wa pwani ukiwapa jukumu la chakula cha mgonjwa watakulinda kuliko daktari.

SWALI: Habari dada, mi nesi niko Leicester, mwanangu wa miaka tisa ana siliaki tangu ana minne. Desemba tunakuja Mwanza mwezi mzima mara ya kwanza. Nawaza bibi yake, nawaza chakula cha njiani. Kuna kidonge cha kumpa akila kwa bahati mbaya?

JIBU: Hakuna kidonge. Vile vimeng'enya vinavyouzwa mitandaoni havimlindi, usije ukavitegemea. Akila kwa bahati mbaya mpe maji, apumzike, mrudi kwenye mstari, mara moja haitamharibu ila isizoeleke.

Ongea na bibi sasa, usisubiri kufika, na usitumie neno gluteni. Sema ngano inamchubua utumbo, hata makombo, na chakula chake ni wali, ugali, ndizi, viazi, samaki na maharage. Bibi atashangaa kwanini ulikuwa na wasiwasi. Ngumu itakuwa biskuti za majirani na mandazi ya binamu, kwahiyo mnunulie karanga, kashata, ndizi za kukaanga nyumbani, awe na chake mkononi wenzake wakiwa na chao. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusema mwenyewe "mi nikila ngano naumwa", mfundisheni Kiswahili hicho kabla ya kupanda ndege, na chakula cha ndege agiza mapema kwenye tiketi.

Sato wa kukaanga wa barabarani muulize kama amepakwa unga. Chipsi uliza mafuta yamekaanga nini kingine. Mishkaki uliza soya sosi. Barua ya hospitali yenu beba, iandikwe ugonjwa na tarehe ya kugunduliwa, ili akiumwa chochote daktari wa huku asianze moja.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa Moshi, nina siliaki. Kila Jumapili najiuliza habari ya hostia. Na mbege je?

JIBU: Milele amina mama. Hostia ni ngano, na kipande kile kidogo kila Jumapili kinahesabika, kwahiyo una haki ya kuuliza na hujakosea imani. Kanisa Katoliki lilishalijibu, barua ya Roma ya 2003 na nyingine ya 2017 zinasema hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Misa, lakini yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na mtu anaweza pia kukomunika kwa divai peke yake, ni Komunyo kamili. Nenda umwone paroko siku ya kawaida sio Jumapili asubuhi, mweleze, na kama mtakubaliana divai iwe kikombe chako cha pembeni, maana kwenye kile kikubwa padri anadondosha kipande cha hostia.

Mbege asili yake ni ndizi na ulezi, vyote salama, muulize tu mpishi kama kimea ni cha ulezi mtupu. Bia nyingi za kiwandani ni za shayiri, hizo hapana.